Wali unatoka na kiini nikipika kwa raiskuka ndani ya lori, kuanzia Kitonga kwenda juu. Tatizo ni nini?

#1 KabiniYaJuu

Wakuu, salamu.

Naendesha semi njia ya Dar–Tunduma–Lubumbashi. Kwenda nabeba salfa ya kupeleka migodini, kurudi shaba. Wanaoijua salfa wanaelewa: ukiwa na mzigo ule huwashi jiko la mkaa wala mtungi wa gesi karibu na gari, cheche moja ni balaa. Ndiyo maana nimehamia kwenye raiskuka, lile sufuria la umeme la kupikia wali. Ni ile ya kawaida ya swichi moja, lita 1.8, wati 700. Inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, ni ya 24V, imefungwa moja kwa moja kwenye betri, haipitii soketi ya kiberiti.

Sasa kinachonisumbua ni hiki. Nikipika Chalinze, Morogoro, hata Mikumi, wali unatoka safi, punje moja moja. Nikishapanda mlima Kitonga, nikalala Iringa, Mafinga au Makambako, mchele ule ule, kipimo kile kile cha maji, swichi inaruka na wali una kiini, punje mbichi katikati. Nikifika Lubumbashi unakuwa na nafuu kidogo.

Mwenye kujua sababu aniambie. Posho haitoshi kula hotelini kila siku, na tumbo langu na vyakula vya njiani haviendani.

#2 Bwana Vitunguu

Mkuu, unapita Ruaha Mbuyuni, vitunguu na nyanya vimejaa barabarani, mama ntilie wapo, halafu unakwenda kuhangaika na waya. Kula kwa watu, uwaungishe kina mama.

#3 Mwalimu wa Sayansi

KabiniYaJuu, jibu lako liko kwenye huo mlima.

Maji huchemka kwenye nyuzi 100 ukiwa usawa wa bahari. Kila ukipanda kama mita 300, kiwango hicho hushuka kwa nyuzi moja hivi. Iringa mjini ni zaidi ya mita 1,500, Mbeya karibu 1,700. Kule juu maji yanachemka kwenye nyuzi 94 au 95. Unaona povu na mvuke, lakini joto linaloivisha punje ni dogo kuliko la Dar, kwa hiyo mchele unataka muda zaidi.

Raiskuka haihesabu muda. Ukitoa sufuria ya ndani utaona kitufe katikati kwenye lile sahani la moto. Ndani yake kuna sumaku ya aina yake ambayo hupoteza nguvu ikizidi kidogo nyuzi 100. Maji yakiwepo, kitako cha sufuria hakiwezi kupanda juu ya joto la kuchemka. Maji yakiisha, kitako kinapata moto ghafla, sumaku inaachia, springi inasukuma, swichi inaruka. Yaani inachokijua ni kitu kimoja tu: maji yameisha. Kule juu maji yanaisha kabla mchele haujaiva.

Loweka mchele nusu saa, ongeza robo kikombe cha maji kwa kila vikombe viwili vya mchele, na swichi ikiruka usifunue kwa dakika 15.

#4 FundiVolti

Mwalimu heshima yako, lakini mimi nimefunga inveta kwenye malori mengi sana na malalamiko haya nayajua. Ni umeme.

Wati 700 kwenye 24V ni kama ampea 29, na ukiweka upotevu wa inveta yenyewe unafika 33 au zaidi. Betri zikiwa zimechoka au waya ni mwembamba, volti inashuka. Na moto wa koili haushuki sawasawa na volti, unashuka kwa kasi zaidi. Ikitoka 220 ikaja 190, zile wati 700 zako zinabaki kama 520. Robo ya moto imepotea na hujui.

Maswali mawili. Unapika gari likiwa linaunguruma au limezimwa? Na nyuma ya hiyo inveta pameandikwa 220 au 110? Zile za mtumba kutoka Marekani nyingi ni 110, mtu anabadilisha plagi tu anaona zimeshafaa.

#5 KabiniYaJuu

Imeandikwa 220. Gari linakuwa limezimwa. Tajiri anafuatilia mafuta kwenye simu yake, ukiunguruma nusu saa umesimama anapiga kuuliza.

Mwalimu, asante. Nitajaribu hiyo ya kuloweka.

Bwana Vitunguu, vitunguu nanunua hapo hapo Ruaha Mbuyuni, fungu kubwa linanifikisha Congo.

#6 FundiVolti

Limezimwa! Basi nimemaliza. Mafinga usiku wa mwezi wa sita au wa saba baridi ile inakula betri. Altaneta, ile inayochaji betri, haisaidii kwa sababu injini imelala. Inveta inafika kiwango cha chini, inapiga kelele, inajikata, wali unabaki nusu.

#7 Utingo Mstaafu

FundiVolti, hapo kuna kitu hakikai sawa. Mwenye uzi amesema *swichi inaruka*. Umeme ukikatika, swichi ya hizi raiskuka za kawaida hairuki, inabaki chini ilipo kwa sababu imeshikwa na sumaku, wala haihitaji umeme kushikwa. Umeme ukirudi inaendelea. Ikiruka maana yake kitako kimepata moto kweli.

#8 Mwalimu wa Sayansi

Umeniwahi, Utingo. Naongeza jingine. Moto mdogo hauleti kiini. Moto ukiwa mdogo maji yanachelewa kuchemka, mchele unakaa unalowana humo muda mrefu, mwisho unapata bokoboko.

#9 MamaUbwabwa

Habari zenu wanangu. Nimewasoma wote, mnaongea habari za waya na milima, hakuna aliyeuliza mchele.

Kijana, huo mchele unanunua wapi na unauweka wapi? Mchele mpya wa Kyela maji kidogo tu umeiva. Mchele uliokaa ghalani msimu mzima unakunywa maji kama ngamia. Wewe unanunua Dar, hujui umekaa dukani muda gani, halafu unauweka kabini chini ya kitanda, injini inaupasha joto siku nzima. Ukifika Makambako ule si mchele uleule tena, umezidi kukauka.

Na lingine. Wali wa kwetu ulikuwa unapaliwa. Maji yakikauka unapunguza moto wa chini, unaweka makaa juu ya mfuniko, punje za juu zinaiva kwa joto la juu. Raiskuka inapika kwa chini tu, mfuniko wake ni bati au kioo, na kabini ya Mafinga ni baridi. Hilo joto la juu linatoka wapi? Swichi ikiruka, ifunike yote kwa blanketi zito uiache. Kwanza chomoa waya, tafadhali.

#10 Bwana Vitunguu

Mama, hapo kwenye kupalia umenikumbusha ukoko. Raiskuka haitoi ukoko wa maana.

#11 MamaUbwabwa

Inatoa. Ikiruka ya kwanza, subiri kidogo, ibonyeze tena. Ila ya bei rahisi itakuharibikia mapema.

#12 Mtu wa Timboroa

Niaje ndugu zetu wa huko. Mimi niko njia ya Mombasa–Malaba, na huku kwetu barabara inapanda Timboroa, zaidi ya mita 2,700. Hiyo Iringa yenu kwetu ni tambarare.

Naunga mkono Mwalimu, lakini nusu. Nikipika mchele wa pishori ya Mwea nikiwa Mariakani, chini karibu na Mombasa, halafu nipike tena nikiwa Timboroa, tofauti ipo wazi. Lakini Mlolongo pia ni juu, zaidi ya mita 1,500, na hapo wali wangu hauna shida yoyote. Kwa nini Mlolongo uive na Iringa usiive? Jibu langu: Mlolongo ninapoegesha ni sawa, pamesakafiwa. Nyinyi mnaegesha kando ya barabara, gari limelala upande. Maji yanakaa upande mmoja wa sufuria, upande mwingine unakauka, kitako kinapata moto, swichi inaruka na nusu ya wali haijaona maji.

Weka kikombe cha maji kwenye dashibodi kabla ya kupika, utaona umelala kiasi gani.

#13 KabiniYaJuu

Hili la mlalo sikuwa nimelifikiria kabisa. Makambako mara nyingi naegesha magurudumu ya kushoto yakiwa chini.

#14 Kamio ya Iowa

Jambo bandugu. Mimi mutu wa Bukavu, sasa niko Iowa, naendesha kamio, yaani lori, karibu majimbo yote. Huku raiskuka ni rafiki ya kila dereva mwenye kupenda chakula ya nyumbani. Sheria ya huku inasema ukiendesha masaa 8 lazima upumzike dakika 30, na dakika 30 ni wali kamili pamoja na mayai mawili juu yake kwenye kile kisahani cha mvuke.

Magari ya huku ni 12V, si 24. Kwa hiyo ampea ni mara mbili ya zenu: wati 700 ni karibu 60, mbali na upotevu. Soketi ya kiberiti haiwezi, fyuzi inaungua. Lazima waya nene mpaka kwenye betri, na fyuzi yake karibu na betri.

Juu ya mlima: Denver ni mita 1,600 hivi, na ukiendelea na barabara ya I-70 kwenda magharibi, handaki ya Eisenhower iko mita 3,400. Kule maji inachemka kwenye 89. Nilipika mchele wa Thailand hapo karibu, ukatoka mbichi. Siku hizi nikijua naenda milimani natumia ule mchele wa njano ulioshachemshwa kiwandani na maganda yake, na naulowesha kwenye chupa asubuhi kabla ya kuondoka. Saa sita unakuwa tayari kupikwa.

Na Mwalimu ana haki juu ya bokoboko. Ndugu yangu alikuja na raiskuka ya 220 kutoka nyumbani, akaichomeka kwenye 120 ya huku. Moto ukabaki chini ya tatu moja ya kawaida yake. Ikapika polepole mpaka ikawa uji, lakini kiini hapana.

#15 FundiVolti

Hiyo ya ndugu yako volti ilikuwa chini tangu mwanzo mpaka mwisho. Ya mwenzetu inaanza vizuri, inachemka kwa nguvu, halafu inashuka katikati. Si kitu kimoja.

#16 Jirani wa Haima

Assalaam alaykum. Mimi niko Oman, naendesha Muscat kwenda Salalah. Nafuata uzi huu kwa sababu mimi pia nilipata kiini, na huku jangwani ni tambarare, hakuna mlima wa kusingizia. Betri mpya, injini inaunguruma kwa sababu ya kiyoyozi.

Kumbe kulikuwa na punje ya mchele iliyokauka imeganda kwenye sahani la moto, chini ya sufuria. Sufuria haikai sawa, inaelea upande. Kwenye nyumba hutalijua kwa sababu unaisafisha. Kwenye gari inatikisika, punje zinadondoka, zinaingia chini. Nilikwangua kwa kijiti cha mbao, nikapangusa, shida ikaisha siku ile ile. Na angalieni kitako cha sufuria, ikidondoka kidogo tu inabonyea.

#17 Chausiku

Eti Mchina aliyeitengeneza hii mashine alifikiria madereva?

#18 Mwalimu wa Sayansi

Wajapani, dada. Mitsubishi walitoa sufuria la wali la umeme mwaka 1945 lakini ilibidi mtu asimame alisimamie. La kujizima lenyewe lililofanikiwa sokoni ni la Toshiba, Desemba 1955. Yoshitada Minami ndiye aliyepewa kazi ya kulibuni, na mkewe Fumiko ndiye aliyepika majaribio nyumbani mpaka likakubali. Na inavyosimuliwa, shida yao kubwa ilikuwa hii hii: kujua wali umeiva lini bila mtu kufunua.

#19 MamaUbwabwa

Fumiko ndiye aliyepika, mnamtaja mumewe kwanza.

#20 Nesi wa Mbozi

Naomba niseme jambo moja kabla uzi haujahama. Tunduma na Mbozi tunawapokea madereva wengi wenye matumbo.

Wali uliopikwa ukakaa vuguvugu ni hatari. Kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus, mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukipoa polepole ndani ya kabini yenye joto anazaliana na kutoa sumu, na ukipasha tena ile sumu ya kutapisha haiondoki. Raiskuka ikiwa kwenye umeme, taa ya kuhifadhi joto imewaka, wali unakaa juu ya nyuzi 60, hapo ni salama kwa saa kadhaa. Tatizo mnachomoa ili kuokoa betri, mnafunga mfuniko, mnakula jioni kilichopikwa asubuhi. Pika kinachotosha mlo mmoja.

Na KabiniYaJuu, hongera kwa kuacha mkaa, hata ukiwa huna salfa. Jiko la mkaa ndani ya kabini iliyofungwa vioo linaua watu wamelala.

#21 Tenki la Mafuta

Naongezea kwa Nesi: sisi wa tenki hata raiskuka hatupiki tukiwa na mzigo. Inveta nayo inatoa cheche ukichomeka. Mwenye salfa na wewe jihadhari, vumbi lake likikaa kwenye swichi si la kuchezea. Pika vioo vikiwa juu, nguo za mzigo umezivua, mikono umenawa.

#22 Bwana Vitunguu

Maswali ya walaji sasa. Pilau inawezekana humo?

#23 Utingo Mstaafu

Inawezekana, ila watu wengi wanakwama kwenye kukaanga. Ukiweka mafuta na vitunguu bila maji, kitako kinapita nyuzi 100 kwa dakika chache, swichi inaruka, vitunguu havijabadilika rangi. Wengine wanaikandamiza swichi kwa kijiti au raba. Msifanye hivyo, kile kitufe ndicho kinachozuia moto.

Mimi vitunguu nilikuwa nakaangiwa nyumbani, vya kahawia kabisa, na nyama imechemshwa na binzari zake, vinawekwa kwenye kopo. Njiani natia vitunguu, nyama, supu, mchele, nafunika. Nikiwa kwenye foleni ya Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Congo, harufu ilikuwa inaleta madereva wa Zambia, Afrika Kusini, wote na sahani zao. Foleni ya siku mbili inapita kwa urafiki.

#24 Chausiku

Na ugali?

#25 Utingo Mstaafu

Unasongeka, lakini mwiko unakwangua ile rangi nyeusi ya ndani. Sufuria ikishakwanguka wali unaganda. Kama unataka ugali nunua sufuria ya pili ya ndani iwe ya ugali tu.

#26 Mke wa Dereva

Maharage je? Mume wangu anasema anayatia makavu asubuhi kwenye taa ya joto, jioni yameiva.

#27 Nesi wa Mbozi

Shemeji mwambie asirudie, hasa yale mekundu. Maharage mekundu mabichi yana sumu inayohitaji kuchemshwa kwa nguvu angalau dakika 10. Joto la kuhifadhia haliiondoi. Yaloweke usiku, mwaga maji ya kuloweka, yachemshe nyumbani yaive kabisa, ndiyo umfungie. Yeye huko apashe tu mpaka yatokote.

#28 KabiniYaJuu

Wakuu, nimerudi na majibu. Nimelala Makambako. Nimefanya yafuatayo: nimesafisha sahani la moto (kulikuwa na punje, Jirani wa Haima, nakushukuru), nimeloweka nusu saa, nimeongeza robo kikombe. Swichi iliporuka nilichomoa, nikafunika blanketi kama alivyosema Mama.

Umetoka hivi: chini laini kabisa, upande wa kulia umelainika kupita kiasi, upande wa kushoto na juu bado kuna kiini, ila si kama zamani. Gari lilikuwa limelala kidogo kulia, nimepima kwa kikombe.

#29 Mtu wa Timboroa

Kulia maji, kulia laini. Nilisema mimi.

#30 Mwalimu wa Sayansi

Umebadilisha mambo manne kwa mara moja, mkuu, sasa hatujui lipi limesaidia. Lakini chini umelainika, kwa hiyo maji yameleta tofauti.

#31 MamaUbwabwa

Na juu bado. Blanketi uliweka mara moja swichi iliporuka, au ulifunua kwanza kuchungulia?

#32 KabiniYaJuu

Nilichungulia, Mama.

#33 MamaUbwabwa

Mvuke wote ukaondoka. Usichungulie wali.

#34 FundiVolti

Bado hujapima volti. Mita ya kawaida haina gharama. Pima kwenye soketi ya inveta *wakati raiskuka inafanya kazi*, dakika ya kwanza na dakika ya kumi na tano. Ukipima kabla ya kuchomeka haina maana.

#35 Mkazi wa Tunduma

Salamu kutoka mpakani. Mimi naishi hapa hapa Tunduma, na huku ni juu kama huko Makambako. Nina raiskuka ya lita 1.8, natumia umeme wa TANESCO, mchele wa Kyela, vikombe viwili vya mchele kwa vitatu vya maji. Silowekei, sifuniki blanketi. Haijawahi kuniletea kiini. Kama ni mlima, mimi mbona unaiva?

#36 FundiVolti

Asante, Mkazi. Umeme wa ukutani haushuki katikati ya kupika.

#37 Mwalimu wa Sayansi

Mkazi, vitatu kwa viwili ni maji mengi, na mchele wako unatoka jirani, haujakaa. Umejifunza kupimia hapo hapo juu, kwa hiyo kipimo chako tayari ni cha mlimani. KabiniYaJuu, wewe unaweka maji kiasi gani kwa vikombe viwili?

#38 KabiniYaJuu

Naweka mpaka mstari wa namba 2 uliochorwa ndani ya sufuria. Kikombe natumia cha chai, kile kilichokuja nayo kilipotea.

#39 Mkazi wa Tunduma

Kikombe kilichokuja nayo ni kidogo kuliko cha chai, na ile mistari imepigiwa kikombe kile. Ukifika Tunduma nitafute hapa jukwaani, nikupe changu upime, na upike kwenye umeme wangu tuone.

#40 FundiVolti

Apike kwenye inveta kwanza na kikombe hicho hicho, halafu kwako. Na apige picha ya mita.